Kidole cha Ghorofa ya Nne

Bi Nywila hakuwa na haja ya kuuliza habari za mtu. Ukimletea kibodi yako aliigeuza juu chini, akaikung'uta mezani, akajua yaliyobaki. Makombo ya biskuti, kucha zilizotafunwa, vumbi la poda, pini za karatasi, punje za sukari: yote yalidondoka pale, mwenyewe umesimama unatazama. Mkono huo aliurithi kwa baba yake, fundi wa mashine za kupiga chapa, ambaye alikuwa akimwambia kwamba mashine haina haya, inahifadhi uchafu wa mtu na kuutoa mbele za watu. Baba alifariki, mashine za chapa zikafa, kompyuta zikaja, na uchafu ukabaki uleule.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, mke wa mwalimu wa hesabu, mama wa mabinti wawili waliokwisha kuolewa, na msimamizi wa vifaa vyote vya shirika la maji. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jengo, kati ya stoo ya mafagio na chumba cha jenereta. Upande mmoja zilikaa kompyuta mbovu zikisubiri vipuri, upande wa pili kabati la chuma lenye simu za akiba, na mlangoni kaunta ya mbao yenye kengele ambayo hakuna aliyeigusa, kwa kuwa kila mwenye shida alianza kupiga kelele tangu ngazini. Kwenye skrini yake aliviona vifaa vyote vya shirika, kimoja kimoja na namba yake: kipi kimewashwa, kipi kimelala, kipi hakijasasishwa tangu mvua zilizopita, kipi kimepelekwa harusini na kujazwa picha za bibi harusi.

Jina alipewa na wasoma mita. Walimjia kila Jumatatu kwa upole wa kondoo.

"Dada, nimesahau nywila."

"Nilikupa Ijumaa."

"Ndiyo hiyo niliyoisahau."

Aliwapa nyingine, akawasema mpaka wakaloa jasho, wakaondoka wakicheka. Nyumbani mumewe alilishika jina hilo kwa furaha. Akitaka maji baridi alisimama mbele ya jokofu na kuomba, "Bi Nywila, naomba ruhusa ya kufungua." Alijibiwa kwamba ombi limepokelewa na linashughulikiwa.

Tusimpambe. Bi Nywila alikuwa mwanamke wa dharau. Wasoma mita aliwadharau kidogo, kwa sababu angalau walitembea juani. Wahasibu aliwadharau nusu. Dharau yake yote, ile ya kujaa na kumwagika, aliiweka akiba kwa ajili ya ghorofa ya nne, walikokaa wakurugenzi tisa, kila mmoja na zulia lake.

Hao wakurugenzi, miaka miwili iliyopita, walinunuliwa vishikwambi vipya. Waraka ukatoka kwamba kuanzia siku hiyo hakuna karatasi, hakuna kalamu, hakuna muhuri. Kila idhini itawekwa kwa kidole gumba cha mwenye kifaa. Waraka huo ulikuwa na kurasa kumi na moja na Bi Nywila ndiye aliyeuandika. Alijua hakuna atakayeusoma kupita ukurasa wa kwanza, ule wenye picha. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba mtu akitaka kubadilisha kidole kilichosajiliwa, atafika mwenyewe kaunta, ataandika kwenye fomu kidole cha mwanzo kilikuwa cha nani na kwa nini, na fomu hiyo itakwenda kwa mkaguzi wa ndani. Ulipita bila swali.

Siku ya kusajili vidole wasoma mita walikuja wote, mia moja na kumi na wanne, foleni mpaka kwenye ngazi, mikono imeoshwa kwa sabuni. Mmoja wao alama za kidole zilikuwa zimekwisha kwa kufungua vifuniko vya mita miaka nenda rudi. Alirudia mara kumi na saba. Kifaa kilipomkubali alicheka mpaka akakaa sakafuni, na wenzake wakampigia makofi. Kutoka ghorofa ya nne hakuja hata mmoja.

Alikuja tarishi. Tarishi huyu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata, miaka ishirini kazini na hajawahi kusikika akipandisha sauti. Alibeba kishikwambi cha mkurugenzi wa utumishi kwa mikono miwili kama sinia la chai, na juu yake kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: *Niko kwenye kikao. Mpe tarishi aweke kidole.*

Bi Nywila alipiga simu juu.

"Bosi, kinatakiwa kidole chako wewe."

"Si yuko tarishi hapo?"

"Yuko. Ila kidole ni chake."

"Mama, usinichoshe. Kidole ni kidole."

Akakata. Kabla ya saa sita vishikwambi vyote tisa vilikuwa kaunta, kwa kuwa wanane waliobaki walisikia kwamba wa utumishi ametuma mtu, na mkubwa hakubali kwenda mwenyewe mahali ambapo mkubwa mwenzake ametuma. Bi Nywila angeweza kukataa. Angeweza kuvirudisha juu na kungoja mwezi mzima ikibidi. Lakini alikuwa amechoka, na zaidi ya kuchoka alikuwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na kautamu fulani: waache wajipalie makaa. Alikishika kidole gumba cha kulia cha tarishi akakisajili mara tisa. Kile kikaratasi alikitia kwenye bahasha, bahasha kwenye faili, faili kabatini.

Tangu hapo shirika zima la maji likaendeshwa kwa kidole kimoja. Asubuhi saa tatu tarishi alizunguka ghorofa ya nne akifungua vishikwambi, ofisi kwa ofisi, kama mtu anayewasha taa. Baada ya hapo alikaa kwenye kiti chake cha mbao mwisho wa korido akingoja kuitwa. "Tarishi! Kidole!" Alikwenda. Alipangusa kidole kwenye suruali, akakibonyeza, akarudi. Likizo, uhamisho, safari za magari, mabomba ya mtaa huu na mtaa ule, vyote vilipita hapo. Wakubwa wakaona maendeleo yamefika, maana sasa hata kubonyeza walikuwa wanabonyezewa.

Na tarishi alikuwa na adabu moja ambayo Bi Nywila aliiona ikamkera kuliko ulegevu wa wakubwa wenyewe. Kila alipobonyeza aligeuza uso. Kama kulikuwa na dirisha alitazama dirishani; kama hakuna alitazama ukuta.

"Kwa nini usisome?" aliwahi kumuuliza.

"Si barua zangu, dada."

"Unaziwekea kidole."

"Kidole wamekiomba. Macho hawajayaomba."

Mambo yalikwenda hivyo miaka miwili, mpaka Jumatano moja asubuhi tarishi aliposhuka ngazi na kishikwambi cha mkurugenzi wa utumishi mikononi. Safari hii hakikuwa na kikaratasi.

"Kimekwama, dada. Nimebonyeza hakiitiki. Bosi anasema fanya haraka, kuna jambo la bodi."

Bi Nywila alikipokea, akashikilia vitufe viwili pamoja, akahesabu mpaka kumi. Kifaa kikazima, kikawaka, kikarudi palepale kilipoishia. Akasoma. Hakuwa na adabu za tarishi; kioo kikiwa mbele yake alikisoma.

Ilikuwa orodha ya nafasi zisizohitajika tena. Nafasi zenyewe zilikuwa tatu: mpokea simu, mfagiaji mmoja wa ghorofa ya pili, na tarishi. Mbele ya tarishi paliandikwa sababu: *Kazi zake zote sasa zinafanywa na vishikwambi.* Chini yake: idhini nne kati ya tisa zimekamilika. Na chini kabisa, kwa herufi nyekundu, kwamba zisipokamilika kufikia Ijumaa saa kumi jioni, orodha itafutika, na jambo litangoja kikao cha bodi cha mwakani.

Idhini nne. Asubuhi hiyohiyo mtu huyu alikuwa amezunguka ofisi nne akijifukuza kazi, uso umegeukia dirishani kwa heshima.

"Kimepona?" tarishi aliuliza. Alikwisha kupangusa kidole. Alikuwa ameshageuza uso anautazama ukuta wa jenereta, na kidole kinakuja.

"Ngoja!"

Alisema kwa sauti iliyomshtua hata yeye. Akavuta droo, akatoa sanduku la huduma ya kwanza, akatoa bendeji.

"Leta mkono."

"Wa nini?"

"Umejikata."

Tarishi alikitazama kidole chake. "Sijajikata, dada."

"Umejikata. Tena vibaya." Alikuwa ameshaanza kuzungusha bendeji, raundi tatu, raundi tano, mpaka kidole kikawa kinene kama kiazi. "Nyumbani, ulipokuwa unakata mkate. Asubuhi hukusikia maumivu. Sasa unasikia."

"Lakini kwa nini?"

Bi Nywila alikigeuza kishikwambi kikamwelekea. "Kwa mara moja katika maisha yako, kaka, kuwa na tabia mbaya. Soma."

Alichukua muda. Alitoa miwani mfuko wa shati, akaipangusa, akaivaa, akasoma kuanzia juu. Alipomaliza aliivua na kuikunja. Hakulia wala hakutukana, na Bi Nywila alitamani angalau atukane.

"Nne nimeweka mimi mwenyewe," alisema.

"Wewe mwenyewe."

"Bosi mmoja aliniambia asante. Hajawahi kuniambia asante. Nikasema moyoni leo ameamka vizuri." Akairudisha miwani mfukoni. "Imebaki miaka mitatu nistaafu, dada."

"Najua."

"Basi labda niache tu. Sitaki kugombana na watu."

Hapo Bi Nywila aliwaka. "Hao si watu, hao ni makombo ya biskuti! Miaka ishirini na miwili unawabebea majalada, miaka miwili unawabebea kidole, na wewe unaogopa kugombana? Panda juu. Sema kimekatika. Hutagombana na yeyote. Utaumwa tu."

Jioni hiyo, sahani zikioshwa, alimsimulia mumewe. Mwalimu alisikiliza huku akifuta sufuria. Alicheka palipochekesha, kisha akaacha kucheka.

"Ila kidole kile ulikisajili wewe," alisema.

"Mimi."

"Ulidhani unawakomoa wao."

"Nilidhani."

"Basi hesabu yako ilikosea mstari wa kwanza, mke wangu. Aliyebanwa ni mzee wa watu."

Alichukia, kwa sababu ni kweli. Miaka miwili alikuwa ameketi chini kule akifurahia ujinga wa ghorofa ya nne, na furaha hiyo alikuwa ameijenga juu ya kidole cha mtu mwingine. Aliosha sahani moja mara mbili. Kisha akasema kwamba Ijumaa itapita, atake asitake mtu.

Alhamisi ghorofa ya nne ilichanganyikiwa. Walimwomba tarishi afungue bendeji kidogo tu; akasema kidonda kibichi. Alikuwa hajawahi kudanganya kazini, na aliyasema maneno hayo akitazama viatu vyake, kwa hiyo wote wakaamini kwamba anaumwa sana. Mkurugenzi wa mipango akaleta akili: si ana gumba la kushoto? Wakalijaribu. Mara ya kwanza kifaa kikakataa, mara ya pili kikakataa, mara ya tatu kikajifunga saa nzima. Wakajaribu kwenye kifaa cha pili, kana kwamba cha pili kina undugu na kidole cha kushoto. Kufikia mchana Bi Nywila aliona kwenye skrini yake vishikwambi saba vya ghorofa ya nne vimejifunga, vyote vyekundu, na akanywa chai yake polepole. Nywila ya akiba ingevifungua, ila hakuna aliyeikumbuka, na hata angeikumbuka, ilifungua mlango tu. Haikuweka idhini.

Ijumaa saa nane mkurugenzi wa utumishi alishuka mwenyewe. Alikuwa hajawahi kufika chini. Alisukuma mlango wa stoo ya mafagio kwanza, kisha wa jenereta, na alipoufikia wa Bi Nywila aliusukuma pia, wakati ni wa kuvuta.

"Mama, kuna tatizo la kiufundi."

"Karibu, bosi. Lipi?"

"Vifaa haviweki idhini. Nataka uondoe hicho kidole, uweke njia nyingine. Sasa hivi."

"Hilo dogo. Tunasajili kidole chako, dakika mbili tu."

Akatabasamu. Bi Nywila naye akatabasamu, akateleza fomu juu ya kaunta.

"Jaza hapa tu. Kidole kilichokuwepo kilikuwa cha nani. Kwa muda gani. Na kwa nini. Halafu inakwenda kwa mkaguzi wa ndani. Ukurasa wa tisa wa waraka."

"Waraka gani?"

"Ule wa vidole. Mliupitisha wenyewe, bila swali."

Mkurugenzi aliisoma fomu. Nyusi zilikunjamana alipofika kwenye neno *mkaguzi*. Miaka miwili ya likizo, uhamisho na mabomba ilimpita usoni, kila kimoja na alama ya gumba la mtu wa kubeba majalada.

"Hili lilikuwa kosa lako," alisema. "Wewe ndiye uliyesajili."

"Ni kosa langu, na nitaliandika. Nina fomu yangu pia." Akafungua kabati, akatoa faili, kwenye faili bahasha, kwenye bahasha kikaratasi. Akakilaza kaunta bila kukiachia. "Na hiki nitakibandika pale chini."

Bosi aliusoma mwandiko wake mwenyewe. Shingo ilimlegea ndani ya kola.

"Unajua," alisema kwa sauti ya chini, "jina lako linaweza kuongezwa kwenye ile orodha."

"Liongeze, bosi. Halafu ipitishwe kwa kidole cha nani?"

Jenereta ilinguruma upande wa pili wa ukuta. Mkurugenzi aliitazama fomu, akautazama mlango, akajitia amekumbuka kikao. Alipotoka alivuta mlango, wakati kutoka ni kusukuma. Baada yake hakushuka mwingine. Tisa walikuwa na saa mbili nzima za kuokoa orodha yao kwa kushuka ngazi na kuandika mistari mitatu ya ukweli, na kila mmoja aliona bora orodha ife. Saa kumi na dakika moja orodha iliondoka kwenye skrini, na Bi Nywila aliketi akilitazama pengo lake mpaka chai ikapoa.

Jumatatu tarishi alikuja kazini na bendeji mpya aliyojifunga mwenyewe, nyembamba kidogo. Kwenye ngazi alikutana na mkurugenzi wa mipango.

"Mzee! Kidole kinaendeleaje?"

Kwenye korido alikutana na wa fedha. "Pole sana, mzee. Kidole vipi?" Wa sheria alitoka ofisini kwake kumuuliza. Wa utumishi, ambaye likizo yake mwenyewe ilikuwa imekwama kwenye kifaa tangu Alhamisi, alimvutia kiti. Miaka ishirini na miwili mtu huyu alikuwa amefiwa na mke, ameuguliwa na mtoto, amelazwa mwezi mzima, na hakuna aliyemuuliza hali. Sasa kabla ya saa nne walikuwa wamemuuliza wote tisa, na hakuna aliyeuliza kuhusu sehemu yoyote ya mwili iliyo juu ya gumba.

Alishuka kumsimulia Bi Nywila. Alisimulia taratibu, bila uchungu, na Bi Nywila akalazimika kugeuka na kujifanya anatafuta waya.

"Nisamehe, kaka," alisema akiwa kwenye rafu. "Nilikutumia kama wao."

"Umenifunga bendeji," alisema tarishi. "Wao walitaka kuifungua."

Mchana aliivua. Bi Nywila alipanda naye, kwa kisingizio cha kukagua vifaa, akasimama mlangoni kwa mkurugenzi wa utumishi. Likizo ilikuwa tayari kwenye kioo. Mkurugenzi alikisogeza kishikwambi ukingoni mwa meza, akaelekeza kidole chake mwenyewe mahali pa kubonyeza.

"Hapa tu, mzee. Haraka, gari linaningoja."

Tarishi alipangusa kidole kwenye suruali. Kisha akakirudisha pembeni, akatoa miwani mfuko wa shati, akaipangusa kioo cha kwanza na cha pili, akaivaa. Alivuta kile kiti alichovutiwa asubuhi, akakaa, akakishika kishikwambi kwa mikono miwili.

"Unafanya nini?"

"Ngoja kidogo, bosi," alisema tarishi. "Nasoma."